Hukukosea, Umechelewa

Siku ya hitma ya Bi Mwanasha, mjukuu wake Salimu alisimama mbele ya wanaume waliokaa mikekani uwanjani kwao Mwabungo, akashika kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, akasema: "Bibi yetu hakubahatika kusoma, lakini Mwenyezi Mungu alimjaalia hekima." Sisi wanawake tulikuwa ndani, sinia za pilau zimeshawekwa, na wenzangu wakatikisa vichwa kwa kukubali, wengine wakipangusa machozi. Mimi nililitema tonge mkononi. Si neno "hakusoma" peke yake lililonichoma. Ni ile "lakini" yake, tamu kama sukari inayotiwa kwenye dawa ya mtoto. Niliwaomba radhi wenzangu, nikanawa, nikatoka kwa mlango wa uani na kumsubiri pale karibu na masufuria. Alipokuja kuulizia maji ya wageni nikamwita. Ni kijana mstaarabu, anafanya kazi Nairobi, akaniamkia vizuri. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, kisha nikamwuliza nani aliyemwambia kwamba bibi yake hakusoma. Akashangaa. "Nilimwona mwenyewe, mwalimu. Kila nikija likizo namkuta ameshika gazeti juu chini. Sikusema kwa ubaya." Nikamwambia najua hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linalonikasirisha, kwa sababu aliyesema kwa ubaya ningejua la kumjibu. Kisha nikaenda zangu nyumbani Ukunda. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuandika mwaka mmoja wa ujana wangu, kwa ukaidi, nikifuta na kurudia, maana kichwa changu nacho sasa kinanifanyia mambo.

Mwaka wenyewe ni ule niliotimiza miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikapewa kazi ya kufundisha ngumbaru pale Mwabungo, yaani darasa la watu wazima wasiojua kusoma, au walioandikwa kuwa hawajui. Nilipangiwa kulala kwa Bi Mwanasha kwa kuwa alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa na heshima kubwa zaidi. Chumba nilichopewa kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la mti na dirisha dogo linaloangalia jikoni, na kwa dirisha hilo nilisikia habari zote za kijiji kabla hazijafika barazani. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kwa muhogo wa kuchemsha. Mchana ilikuwa sima na majani ya mchunga uliopikwa kwa nazi nzito, mchungu kiasi kwamba mwanzoni niliumeza huku nimefumba macho. Jioni, baada ya sala ya alasiri, wanawake walikuja na kukaa ukumbini kwake. Hawakuja kupiga soga tu. Walikuja na barua kutoka Tanga, na dua za kunakiliwa, na beti za kuimba kwenye maulidi, na Bi Mwanasha aliwasomea na kuwaandikia, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa na babake alipokuwa mtoto. Mkono wake ulikwenda kutoka kulia kwenda kushoto bila kusita, kama mtu anayevuta uzi kwenye kitambaa. Nilimtazama na sikuelewa. Katika orodha niliyopewa na wakubwa wangu, jina lake lilikuwa miongoni mwa wasiojua kusoma.

Nikamwuliza kwa nini amejiandikisha. Alikuwa akikuna nazi, hakuacha kuikuna. Akasema alikwenda Kwale, kwenye ofisi ya ardhi, kutia sahihi karatasi za shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Akaandika jina lake. Karani akaitazama ile sahihi, akaigeuza karatasi, akaigeuza tena, akasema: "Hii si sahihi, mama, ni michoro. Lete kidole." Akamshika mkono yeye mwenyewe, akalichovya dole gumba lake kwenye wino mbele za watu. "Nililisugua kwa ndimu na majivu mpaka likachubuka," akaniambia. "Sasa wewe nifundishe hizo herufi zao." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Hasira yake ilikuwa ya namna hiyo, inakaa chini kama makaa yaliyofunikwa jivu. Mimi yangu imekuwa moto wa makuti siku zote, na hata sasa, nilipoandika neno "michoro", kalamu imetoboa karatasi.

Darasa lilikuwa kwenye ghala la zamani la mbata. Mbata zilikuwa zimeondolewa lakini harufu ilibaki, ya mafuta yaliyochacha, na mpaka leo nikipita mahali panapokaushwa nazi naona ubao mweusi mbele yangu. Wanafunzi walikuwa wanawake wengi na wanaume wachache, wasichana walioolewa mapema na watu wenye wajukuu, wote kwenye viti virefu visivyo na migongo. Tulianza kwa baba, mama, kaka, dada, kuku. Bi Mwanasha alisoma yote bila kukosea, nikajiona mwalimu hodari sana. Tulipofika kwenye "meza" akasoma "zame". Nikamwambia arudie. "Zame." Ndipo nilipotambua kwamba siku zote zile jicho lake lilikuwa likianzia silabi ya kulia, na kwamba baba ni baba ukianza upande wowote, na mama ni mama, na kuku ni kuku. Darasa zima likacheka na yeye akacheka zaidi ya wote. Lakini jioni ile hakula. Alisema kichwa kinamwuma nyuma ya macho, kwamba anapolilazimisha jicho lianze kushoto linamponyoka kama kamba ya ndoo kisimani. "Na herufi zenu hazishikani mikono," akasema. "Kila moja imesimama peke yake kama watu waliogombana. Nitajuaje nani ndugu ya nani?"

Nataka nieleze nilichokiona katika ghala lile, kwa sababu nilikiona kwa macho yangu na hakuna aliyeniuliza. Wasichana walizishika herufi upesi. Fatuma, aliyekuwa wa rika langu, alizijua zote katika wiki chache. Na akikosa darasa kwa sababu ya mtoto anayeharisha, akirudi nusu zimepeperuka. Wakubwa walikuwa wazito. Herufi "b" na "d" zilimtesa Bi Mwanasha hadi nikadhani hatavuka. Lakini neno likishaingia kwake halikutoka tena, kwa kuwa hakulipokea tupu. Alilipokea pamoja na kila alichokijua juu ya jambo lenyewe. Akifika katikati ya sentensi alikuwa ameshaihisi inakokwenda, jicho likawa linakwenda kuhakikisha tu. Msichana alisoma neno. Mama mzima alisoma maana. Alichelewa kwa sababu alikuwa amebeba mengi njiani. Sasa nimepita miaka sitini na tano na naona ndivyo ninavyosoma mimi. Kitabu ambacho zamani ningekimaliza kati ya adhuhuri na magharibi hulala kitandani kwangu mwezi mzima. Nafika mwisho wa ukurasa nikiwa sijui nani amekufa, narudi juu, namkuta, nakaa naye. Jina la mtu linaniponyoka, lakini nia yake naijua kabla mwandishi hajaitaja, na hilo sikuliweza nilipokuwa msichana nikimeza kurasa kama karanga.

Aliyekuja kutukagua alikuwa Bwana Rashidi, msimamizi wa ngumbaru wa sehemu zetu. Hakuwa mgeni kutoka mbali ambaye ungesema hatujui. Alikuwa mtoto wa Msambweni, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, na mamake mzazi alisoma kwa herufi zilezile za kina Bi Mwanasha. Siku aliyokuja mara ya kwanza alialikwa chakula cha mchana kwa Bi Mwanasha pamoja na mzee wa kijiji. Wanaume walikaa barazani, sisi tulikuwa jikoni, yeye juu ya mbuzi akikuna nazi na mimi nikiwageuza samaki wa kupaka juu ya makaa. Ukuta ulikuwa mwembamba. Mzee wa kijiji akauliza mambo ya darasa yanakwendaje, na Bwana Rashidi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshiba kabla ya kula. "Hawa wazee, mzee wangu, tunawabembeleza tu," akasema. "Ubongo ukishapita miaka arobaini ni saruji iliyoganda. Hauchoreki. Ningekuwa na uwezo ningewaacha wote wakalee wajukuu." Mzee wa kijiji, mwenye miaka mingi zaidi ya arobaini, akaitikia, "Ni kweli, ni kweli."

Nilimtazama Bi Mwanasha. Mkono wake uliendelea kukuna, kwa mwendo uleule, na nazi ikaendelea kudondoka kwenye sahani. Nilisimama ili nitoke nikamwambie yule bwana neno, akanishika kanga. "Kaa."

"Umesikia anavyosema?"

"Nimesikia. Masikio hayajaganda."

"Na unampikia?"

"Ni mgeni kwenye nyumba yangu. Mtilie kipande cha katikati, kile kisicho na miba." Akakamua tui. Chakula kilipotoka alimpelekea maji ya kunawa yeye mwenyewe, akamkaribisha kwa maneno mazuri, na Bwana Rashidi akasifu upishi, akaongezwa, akala tena. Mimi sikula. Sikuielewa adabu ile wakati ule na sina hakika kwamba naielewa sasa. Nimeishi na watu waliosema ilikuwa ukubwa wa moyo. Huenda. Lakini nilimwona uso wake alipokuwa akikamua tui, na hakuwa anakamua nazi.

Baada ya miezi kadhaa likaja jaribio. Kila mwanafunzi asome kifungu mbele ya msimamizi, na kifungu kilihusu uchimbaji wa choo, jambo ambalo kila mtu mle ghalani alilijua kuliko aliyekiandika. Bwana Rashidi alivua saa yake mkononi akailaza mezani. Hakuwa ametuambia kwamba kutakuwa na saa. Wasichana walikisoma mbio, wakikanyaga nukta, na alipomwuliza Fatuma kifungu kilisema nini, akasema hakumbuki. Akapewa alama zake, akapita. Ikafika zamu ya Bi Mwanasha. Alivaa buibui lake jipya. Akaiweka karatasi sawa, akaweka kidole kushoto, nikaona jinsi alivyokuwa akilizuia jicho lisikimbilie kulia, akaanza. Alisoma polepole na kwa sauti ya mtu anayesoma mbele ya kadamnasi, kila neno na heshima yake, akipumzika palipo na nukta. Alisema "shimo lichimbwe mbali na kisima" kwa namna ambayo ulitaka kwenda kulichimba. Alikuwa bado hajafika mwisho Bwana Rashidi aliposema, "Basi, mama." Bi Mwanasha hakuacha kusoma. Akamwambia tena, "Basi, muda umekwisha," akaanza kumwita mwingine, na yeye akaendelea kusoma chini ya sauti yake hadi neno la mwisho. Kisha akaishusha karatasi.

"Nimekosea wapi?" akauliza.

"Hukukosea, mama. Umechelewa."

Akavuta mstari juu ya jina lake. Siku ileile akaniachia agizo: waliopita arobaini wasirudishwe darasani, kwa kuwa wanaharibu matokeo. Nikamwambia sitawafukuza. Akanieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba mimi ni kijana, nina wakati mzuri mbele yangu, nisiuharibu kwa watu ambao wao umeshawapita. Nikamrudishia chaki mkononi mwake. Si maneno ya ushujaa niliyosema. Nilisema tu, "Fundisha wewe," nikatoka. Nafasi yangu akapewa mwingine kabla ya wiki kwisha.

Majuzi nilikwenda kliniki moja pale Diani kwa sababu ya huku kusahau. Daktari ni kijana, ana mikono safi sana. Akanitaka nimtajie maneno mengi niwezavyo yanayoanza na herufi moja, na kabla sijafungua mdomo akawasha saa ya simu yake. Nikamwuliza saa ni ya nini. "Ni utaratibu tu, mama." Nikamwambia aizime, kisha aniulize tena, na akitaka nitampa maneno ambayo yeye hajawahi kuyasikia. Akacheka, akadhani nafanya mzaha. Binti yangu, aliyenisindikiza, akanibana mkono. Njiani akaniambia kwamba daktari hakunikosea na kwamba amesema ni umri tu. Ninajua ni umri. Sijasema kwamba sizeeki. Ninachokataa ni kupimwa kwa jambo moja tu, mbio, ambalo kila anayezeeka analipoteza, halafu niambiwe kwamba hilo ndilo lilikuwa akili yangu.

Sikurudi kwetu baada ya kuacha kazi. Bi Mwanasha alinizuia. Kila alasiri, wanawake walipokwisha kusomewa barua zao, tulibaki sisi wawili ukumbini na yeye akasoma. Tulipokosa kitabu alisoma pakiti za majani ya chai, vibandiko vya dawa, kipande cha gazeti kilichofungia sukari. Hatukuwa na haraka. Ramadhani ilipokaribia alikuwa akisoma habari nzima ya gazeti na kuibishia. Tukafunga safari kwenda Kwale, kwa kuwa karatasi nyingine ya shamba ilihitaji sahihi. Karani alikuwa yuleyule. Bi Mwanasha akachukua kalamu, akaandika jina lake kuanzia kushoto, Mwanasha binti Omari, kila herufi imesimama, na nyuma yetu watu wakaguna kwa sababu ya kungoja. Karani akasoma. Akafungua faili, akatazama karatasi ya zamani, akasema: "Kwenye faili kuna kidole. Lazima kilingane. Lete kidole."

Nilimtukana. Sikumbuki maneno na sitaki kuyakumbuka. Nilikuwa nimefunga mizigo yote ya mwaka ule kichwani na nilimtupia yote. Mlinzi akaja kunishika. Bi Mwanasha akamwambia yule mlinzi, "Mwache mwanangu," kisha akamtolea karani dole gumba lake. Alilitoa mwenyewe safari hii, hakushikwa mkono. Wino ukaingia pembeni mwa jina alilolipigania mwaka mzima. Kituoni, tukingoja gari la kurudi, nililia kwa hasira, na yeye akaninunulia mahamri, akakaa na kusoma kila ubao uliokuwa mbele yetu. Duka la dawa. Hapa panatengenezwa redio. Usikojoe hapa. Alisoma kwa sauti, polepole, watu wakitugeukia. "Kula," akaniambia. "Sikusoma kwa ajili yake." Maneno hayo yalimtosha yeye. Mimi hayakunitosha, na sikumbuki siku ambayo yamenitosha.

Alisoma magazeti kwa miaka mingi baada ya hapo, na aliwasomea hao wazazi wa Salimu barua za shule walipokuwa hawajui pa kushika. Salimu hakuyaona. Aliyoyaona ni miaka ya mwisho. Mara ya mwisho nilipomtembelea, mwaka jana, alikuwa amekaribia miaka mia, kitandani, kwenye chumba changu cha zamani chenye dirisha la jikoni. Hakunijua. Gazeti lilikuwa mikononi mwake, kweli, juu chini, na vidole vyake vilikuwa vikitembea juu yake kutoka kulia. Nililigeuza. Akalitazama kama unavyotazama ukuta. Herufi nilizompa zilikuwa zimeondoka zote, zile zilizosimama mbalimbali kama watu waliogombana. Nikachukua kitabu chake cha zamani cha dua na mashairi, Kiswahili kwa herufi za babake, nikamfungulia katikati ovyo, mahali asipopajua kwa moyo. Akasoma. Alisoma ukurasa mzima, sauti imechakaa lakini haikusita, akatua palipostahili kutua. Mkaza mwanawe aliyekuwa akikunja nguo akasema, "Hayo ni mazoea tu, mwalimu, hajui analosema." Nikamwuliza Bi Mwanasha shairi linasema nini. Akanieleza, tena vizuri. Daktari wangu wa mikono safi ameniambia kwamba ndivyo ilivyo, kilichoingia mwisho hutangulia kutoka na cha utotoni hung'ang'ania. Alinieleza kana kwamba ingenituliza. Kazi yangu ya kwanza duniani, ile niliyoipoteza nikiitetea, ndiyo iliyotangulia kutoka kichwani mwake, na nimeambiwa hakuna wa kulaumiwa.

Akachoka, akakilaza kitabu kifuani. Akaniangalia kwa muda, kwa adabu, kama unavyomwangalia mgeni ambaye hujapata jina lake. "Wewe unajua kusoma?" akaniuliza.

"Najua."

"Zile za kwao?"

"Zile za kwao."

Akalisukuma gazeti kwangu. "Nisomee."

Nikaanza. Ilikuwa habari ya kivuko na foleni ya magari, na nilitaka kuimaliza upesi, kabla hajalala, kabla macho yangu hayajachoka, kabla mimi mwenyewe sijasahau ilivyoanza. Akanigusa mkono.

"Polepole. Unasoma kama mtu anayefukuzwa. Nani anakufukuza?"

Majina ya wanaonifukuza nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nayo yote, hakuna hata moja lililokuwa limeniponyoka. Nikamwambia hakuna, nikarudi mwanzo wa mstari.